Wachambua Siku

Siku huletwa kwenye magunia. Wengi hawajui. Wanadhani siku inakuja yenyewe, jua likichomoza nayo imefika, jua likizama nayo imekwisha. Haiishi. Mtu akishaimaliza siku yake inamdondoka kama punje inavyodondoka kwenye tawi, naye hasikii kwa sababu amelala, na wapo waokotaji wanaopita mlango kwa mlango kuzizoa. Ndizo zinazotufikia sisi. Gunia linafunguliwa mdomo, siku zinamiminwa juu ya mkanda, mkanda unatembea, na sisi wanawake tumekaa pande mbili tukitazamana, macho chini, mikono inakwenda. Siku moja ni ndogo kama punje ya buni. Ukiiweka sikioni unasikia watu ndani yake, kwa mbali, kama majirani wanaoongea nyuma ya ukuta. Yupo anayecheka, yupo anayeomba maji, mtoto analilia titi. Ila kuweka sikioni ni marufuku. Kazi yetu ni rangi na umbo. Iliyo laini, ya kijani inayong'aa, inakwenda kushoto, gunia safi, inapandishwa kwa Watu wa Juu, nao wanaiishi tena kana kwamba ni yao. Iliyopasuka, iliyotobolewa na wadudu, iliyo nyeusi, inakwenda kulia, kwenye tundu.

Watu wa Juu sijawahi kuwaona. Wanasema hawajawahi kulia. Watalia na nini, wakati kila siku wanayopewa tumeshaichambua?

Na tundu nalo, hakuna aliyewahi kuona linakoishia. Lipo sakafuni mwisho wa banda, pana kuliko mlango, limezungushiwa ukingo wa saruji. Wengine husema chini kuna moto. Wengine husema hakuna kitu, na hao ndio walioniogopesha zaidi.

Mahali pa kazi panapochambuliwa siku hapana saa ukutani. Ya nini? Wakati wenyewe umelala mbele yako kwenye mkanda, unaushika, unakuachia vumbi vidoleni. Lile vumbi ndilo lililokuwa linatuchanganya. Mama Elieshi, mkubwa wetu mezani, nimemwona akiingia asubuhi bibi mwenye mgongo uliopinda, na filimbi ya uji ikilia amekuwa msichana mwenye nywele za matuta, anauliza mpira uko wapi, kwa sababu vumbi la siku ya mtoto fulani lilimpanda puani. Jioni anarudi bibi tena, hakumbuki kitu. Mimi mwenyewe nimewahi kurudi nyumbani nikimlilia mume, na sijaolewa. Ukikaa miaka kwenye kazi ile unafika mahali unajipapasa kabla ya kulala: huu mkono ni wangu? Hili jina, Nakundwa, nilizaliwa nalo au nimelivuta na vumbi?

Kitu kimoja hakikubadilika. Asubuhi kabla mkanda haujaanza kutembea, nilifumba macho. Nilikuwa najua nani ninamsemesha na nilikuwa najua Yeye ananijua, hata siku ambazo mimi sikujijua.

Nilipoanza kazi nilidhani kumshuhudia Yesu mezani ni kusema. Nikasema. Nilisema wakati wa kuchambua, nilisema wakati wa uji, nilisema mpaka wanawake wakaanza kuziba masikio na pamba za washona magunia. Mama Elieshi akaniita pembeni. Siku hiyo alikuwa na umri wake mwenyewe.

"Mwanangu, huyo Yesu wako tumemsikia," akaniambia. "Sasa tuonyeshe debe. Debe lako limejaa mawe."

Nikatazama, kweli. Wakati mdomo unahubiri mikono ilikuwa inapitisha mawe na vijiti, na mwenzangu wa kushona gunia alikuwa anayatoa moja moja bila kunisema. Niliona aibu, kisha nikaona kitu kingine: yule wa kushona, ambaye hakuwa anasali hata kidogo, alikuwa amenihubiria vizuri kuliko nilivyowahubiria wao. Tangu hapo nikapunguza maneno. Nikachambua kana kwamba aliyekaa kwenye stuli ya pembeni yangu ni Bwana mwenyewe, naye ana macho mazuri. Nikajifunza kumsalimu Nyapara, msimamizi wetu, hata akiwa hajibu. Nikajifunza kumwachia mwenzangu kata ya kwanza ya uji. Vitu vidogo hivyo. Hakuna aliyeanguka kwa kutubu.

Halafu likaja swali.

Nilishika siku nyeusi, nyeusi kabisa, ya kwenda tunduni bila mjadala. Sijui nini kilinipata. Niliipitisha karibu na sikio nikijifanya najikuna. Ndani yake kulikuwa na msiba. Watu walikuwa wanalia, ndiyo, lakini palikuwa na sufuria inakorogwa, kuni zinapasuka, na mama mmoja anawaambia wenzake, "Kwanza kuleni. Mkishiba mtalia vizuri." Wakacheka. Wote, mpaka mfiwa. Nikasikia mfiwa akicheka na kulia kwa pumzi moja, na mtu akamfuta pua na upindo wa khanga. Hiyo ndiyo tuliyokuwa tunaiita taka.

Nani aliyesema hii ni taka? Aliyesema alikuwa amekaa wapi aliposema? Alikuwa ameshiba? Na kama zote zinazopasuka ni taka, sisi tuliokaa hapa mezani, ambao hatuna hata mmoja asiye na ufa, tumepitaje? Nani anatuchambua sisi? Au ameshatuchambua, na hapa ndipo tulipotupwa? Sikulala na swali lile. Nilikwenda nalo kazini, nikarudi nalo, likakaa na mimi kama mgeni aliyesahau kuaga.

Sikuwa na uwezo wa kusimamisha mkanda. Mimi ni mtu wa mezani. Nilichoweza ni hiki: kila nilipotupa siku mbaya, nilisema kwa sauti ya chini, "Bwana, hii nayo ni yako." Basi. Naitupa.

Aliyekaa mbele yangu, upande wa pili wa mkanda, alikuwa Manka. Mwanamke mwenye mdomo. Angeweza kukuchekesha mpaka ukatupa siku nzuri tunduni, na wewe ndiye ukasemwa.

"Wee mlokole," akasema, "unazika tena? Leo umezika wangapi?"

"Fanya kazi yako, Manka."

"Nafanya. Mikono yangu inafanya kazi, mdomo unafanya kazi, mimi ni watu wawili kwa posho moja. Hebu mwambie Yesu wako ashuke atusaidie hata debe moja, mgongo unaniuma."

"Nimeshamwambia."

"Basi amechelewa. Akatwe posho na yeye."

Meza nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, maana mgongo wangu pia ulikuwa unauma.

Manka alikuwa ananiibia. Nilipofumba macho asubuhi alikuwa anapenyeza mkono kwenye ungo wangu, anachota siku laini nilizobakiza jana, anajazia gunia lake. Nilijua tangu mara ya kwanza, kwa sababu alikuwa anaacha kuimba. Manka akinyamaza ujue mikono yake iko mahali. Sikusema. Nikatazama. Mtu ukimtazama bila haraka anakuonyesha na yale ambayo hakukusudia. Nikaona kwamba anachota kwa kiganja, hachagui kwa ncha za vidole. Nikaona uji ukimmwagikia mkononi na hakushtuka. Vidole vya Manka vilikuwa vimekufa ganzi. Alikuwa anachambua kwa kubahatisha na kutufumba macho kwa vichekesho.

Banda lile lina desturi yake, na desturi hiyo ndiyo iliyoniweka kwenye jaribu. Mchambuaji ambaye magunia yake yanarudishwa na Watu wa Juu huchambuliwa na yeye. Hachambuliwi na Nyapara. Anayemchambua ni aliyekaa mbele yake, kwa sababu wanasema aliye mbele yako ndiye anayekujua. Anapandishwa juu ya mkanda, mkanda unasimamishwa, aliye mbele yake anamwekea mkono kichwani na kutamka neno moja. Safi, anarudi kwenye stuli yake. Taka, anakwenda tunduni. Na wewe usiyetamka, unakwenda naye. Tangu niko pale nilishuhudia mmoja tu, dada mpole aliyeitwa Aikande, macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Mwenzake alitamka akiwa amefumba macho. Nakumbuka tulivyorudi kuchambua haraka, kama watu waliofumaniwa.

Gunia la Manka lilirudi. Tuliliona likishushwa, limechanwa ubavuni, na uzi wake mwekundu ulioshona mdomo ukining'inia. Ndani yake, katikati ya siku laini, walikuta siku nyeusi. Mtu mmoja huko Juu alikuwa ameamka akaiishi, akalia, na hakujua anachotoa machoni ni nini. Wakaita mafundi. Wakafikiri anavuja.

Nyapara akalisimamisha gunia katikati ya banda ili kila mtu alione, kisha akapuliza filimbi ya uji mapema. Akasema tukimaliza uji, Manka atachambuliwa.

Hakuna aliyekunywa. Manka alikuja akakaa chini karibu na miguu yangu, kikombe mikononi, akakishika kwa mikono yote miwili ili kisianguke.

"Nakundwa, unajua nilikuwa nakuibia," akasema.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka kusema. Nikasema nisali kwanza, ndipo niseme. Kila nikimaliza kusali hasira inakuwa imechelewa gari."

Akacheka puani. Kisha akaacha.

"Leo haijachelewa. Leo zamu yako, shoga. Nimekutukana, nimekuita mchimba makaburi, nimekula jasho lako. Lipa tu. Ila usifumbe macho kama yule wa Aikande. Nitazame."

Nilimshika mkono, na hakujua kama nimeushika mpaka alipoutazama.

Nyapara naye aliniita, akanisimamisha karibu na dirisha. Nataka nimseme vizuri mtu huyu, kwa sababu hakuwa mbaya wa kwenye hadithi. Jumapili alikaa benchi la mbele, viatu vyake vyeusi vimepigwa rangi, na sauti yake ya nne ilikuwa inaishikilia kwaya yote isianguke. Aliniita binti yangu, na nadhani alimaanisha.

"Binti yangu, Watu wa Juu wanataka nyapara wa pili," akasema. "Mtu mtulivu, anayeona. Nimetaja jina lako. Leo ukitamka neno, kesho unakalia kiti."

"Mzee, vidole vyake vimekufa. Muweke kwenye kufagia."

"Kufagia kuna watu. Na usinitazame hivyo kama mimi ndiye niliyeanzisha kuchambua. Mungu mwenyewe siku ya mwisho atatenga. Kondoo huku, mbuzi kule. Umesoma. Sisi tunaanza tu mapema kidogo."

Nilisimama pale. Jua la mchana lilikuwa linaingia dirishani, na vumbi la siku za watu lilikuwa linazunguka kwenye ule mwanga, maelfu ya asubuhi na jioni yakielea bila mwenyewe. Maneno yake yalikuwa ya Kitabu, na mimi Kitabu nakiheshimu. Sikuweza kuyakataa. Ila niliona kwamba yamebebwa na mkono usio wa mwenyewe, kama mtu aliyevaa koti la baba yake na kuanza kuamrisha nyumba.

"Kazi hiyo ina mwenyewe, mzee," nikamwambia. "Mimi hajaniajiri niifanye."

Akageukia banda. Kisha akapuliza filimbi.

Manka akapanda juu ya mkanda. Alipanda vizuri, kama anayepanda kitandani kwake, akapanga sketi yake, akatutazama wote. "Nani atanunua?" akauliza. Hakuna aliyecheka, na nikaona kwamba hilo ndilo lililomuumiza.

Nikaweka mkono kichwani pake. Nywele zilikuwa na vumbi, na chini ya vumbi palikuwa na joto.

Sasa sikiliza, wewe unayesoma, kwa sababu hapa ndipo nilipokwama, na sijui wewe ungekwama wapi.

Niseme taka? Ulimi haukubali.

Niseme safi? Lakini magunia yake si safi. Nimeyaona. Nimeapa mbele za Bwana kwamba mezani sitasema uongo, hata wa huruma, kwa sababu nimeona uongo wa huruma unavyooza na kunuka. Watu wa Juu wamedai gunia zuri wakapewa bovu, hiyo ni kweli, ubaya wao hauifanyi isiwe kweli. Nikisema safi, nimemwokoa Manka kwa kinywa ambacho kesho hakitaaminiwa na mtu, hata na Manka.

Niseme nini basi? Wametoa maneno mawili tu. Dunia nzima wameiminya ikaingia kwenye maneno mawili, na katika hayo mawili hakuna hata moja ambalo Yesu aliwahi kumwambia mtu na kuishia hapo. Yeye alisema nini? Alisema simama. Alisema njoo. Alisema nipe maji. Alimwita mtu kwa jina.

Huenda nilikaa hivyo kitambo kidogo. Huenda ni miaka. Pale huwezi kujua. Niliona mkono wangu ukizeeka juu ya kichwa chake ukarudi ujana.

"Kazi yake ina taka," nikasema. "Yeye si taka. Yeye ni Manka."

"Neno moja," akasema Nyapara.

"Manka. Hilo ni moja."

Mtu mmoja mwisho wa meza alivuta pumzi. Nyapara akasema kwa sauti ya kuomba, si ya kuamrisha, "Binti yangu, usinifanyie hivi. Unajua sheria."

Nilijua. Nikavua kitambaa changu cha kazi, nikakikunja, nikakiweka juu ya stuli. Nikapanda kwenye mkanda, nikakaa ubavuni mwa Manka.

"Wewe una wazimu," Manka akaninong'oneza.

"Sogea kidogo."

"Nakundwa, shuka. Mimi sina hata huyo Yesu wa kunipokea huko. Wewe shuka."

"Ndiyo maana tunakwenda wawili."

Nyapara alishika kipini cha mkanda, akakiachia, akakishika tena. Nilimwambia, "Fanya, mzee, hatukulaumu," na sikujua kama ni kweli mpaka niliposikia nimesema. Mkanda ukaanza kutembea. Tukawapita wenzetu mmoja mmoja, wamekaa pande mbili, macho chini. Tulipompita Mama Elieshi alikuwa wa umri wote kwa pamoja, bibi na mama na mtoto, na alikuwa akitutazama usoni.

Nikasema lile ninalosema siku zote. "Bwana, hawa nao ni wako."

Tundu.

Kwanza giza, na katika giza kuteleza, si kuanguka. Kuteleza juu ya siku. Zilikuwa chini yetu, maelfu, zinabingirika pamoja nasi, na kwa kuwa masikio yetu yalikuwa yamezama ndani yake tulizisikia zote. Mtu anamwambia mtu samahani. Mtu anasubiri majibu ya daktari. Mtu amefukuzwa kazi, anakaa kituoni, mgeni anamkatia muwa. Ndoa inavunjika. Mtoto anazaliwa amechoka. Nani? Nani? Mimi? Huyu anayelia ni mimi? Hapana, huyu ni mama wa watu. Huyu je? Huyu pia si mimi, lakini amenishika. Manka alikuwa anapiga kelele kwamba moto uko wapi, mbona hatufiki kwenye moto, na mimi nilikuwa nangoja pale ambapo hakuna kitu, ule utupu niliouogopa, na haukuja, na haukuja.

Kilichokuja ni upepo.

Tukatokea mchana. Nyuma ya kiwanda! Miaka yote ile hakuna aliyewahi kwenda nyuma ya kiwanda, kwa sababu banda halina mlango wa nyuma, na sisi tuliingia kwa mbele na kutokea kwa mbele. Tulikuwa tumekaa matakoni kwenye mteremko, juani, sketi zimejaa udongo, na mteremko wote, mpaka macho yanapoishia, ulikuwa umeota.

Siku zile zilikuwa zimeota. Zile zilizopasuka ndizo zilizochipua kwanza, kwenye ufa. Kulikuwa na miche ya kidole na miti ya kimo cha mtu, na mingine mikubwa yenye matawi yaliyoinama, na yote ilikuwa imechanua maua meupe, harufu yake tamu mpaka Manka akashika kifua. Na kwenye matawi ya chini palikuwa na matunda, mekundu.

"Karibuni," sauti ikasema kati ya miti. "Mmechelewa sana."

Akatoka mwanamke na kikapu mgongoni. Alikuwa Aikande. Macho yake bado yalikuwa na ukungu. Alikuja akipapasa matawi. Manka akaanguka magoti akiita jina la Bwana, kwa mara ya kwanza bila mzaha.

"Inuka, mimi siye," Aikande akasema. "Mimi navuna tu."

"Nani kapanda?" nikamuuliza.

"Njoo uone." Akatuongoza mpaka ukingo wa shamba. Palikuwa na mashimo mapya, yamechimbwa sawasawa, udongo wake bado una giza la unyevu. Jembe lilikuwa limelazwa pembeni. Nilishika mpini, ulikuwa na joto la kiganja cha mtu. Nyayo zilikuwa zinakwenda kati ya mistari, za mtu aliyetembea peku, asiye na haraka, ambaye kila mahali pa kuinama ameinama.

"Huja kabla hatujaamka," Aikande akasema. "Anaokota kila kinachotoka kwenye tundu. Kila kimoja. Mimi aliniokota. Mara moja nilimsikia akifanya kazi, nikamwita. Akaniita na yeye, kwa jina, akaendelea kuchimba."

Sijui nikueleze vipi nilivyosikia. Nilikuwa nimemtafuta mbali. Nilikuwa nimemtafuta kwenye kufumba macho, na alikuwa huko pia, sikatai. Lakini miaka ile yote, kila niliponong'ona na kutupa, chini ya sakafu niliyokalia, upande wa pili wa ukuta wangu, Yeye alikuwa kazini. Anadaka. Nilikuwa nadhani nafanya kazi mbele zake, kumbe tulikuwa tunafanya kazi moja, mimi juu na Yeye chini, napitisha anapokea. Nililia, na nilipolia nikaanza kuimba, na sauti ilikuwa yangu, sikuivuta na vumbi la mtu.

Manka alikuwa amechuma tunda. Alilichuma kwa kiganja kizima, kwa vile vidole vyake vilivyokufa, akalipasua kwa meno, na siku ikafunguka mdomoni mwake ikiwa nzima, ile ya msiba wenye sufuria au nyingine kama hiyo, ambamo kilio na kicheko havijatenganishwa. Akatafuna polepole. Akanitazama.

"Hizi unachaguaje?" akauliza.

"Huchagui," Aikande akasema. "Likiwa jekundu unachuma. Hapa hakuna kushoto wala kulia."

"Hata mimi nitaweza?"

"Mimi nisiyeona naweza."

Manka akasimama. Hakusema asante, Manka hajui kusema asante. Alipanda mteremko mbio mpaka kwenye mdomo wa tundu tulikotokea, akaingiza kichwa ndani, akaita kwa lile koo lake la sokoni:

"Mama Elieshiii!"

Ndani pakanyamaza. Mkanda ulisimama, tulisikia kabisa ulivyosimama. Kisha sauti ya Nyapara, nyembamba, ya mbali:

"Nani huyo?"

"Taka!" Manka akajibu, akacheka mpaka ukuta wa kiwanda ukacheka naye. "Ni sisi taka! Mama, chukua ungo, chukua kikapu, waambie wote wateremke! Hakuna moto huku! Kuna kazi, na mwenye shamba anamjua kila mtu!"

Tulingoja. Tukasikia stuli moja ikiburuzwa kurudi nyuma. Kisha nyingine. Kisha banda zima, kama ngurumo. Tukavua khanga zetu za juu, tukazifunga pamoja, tukazikinga chini ya tundu, mimi pembe hii, Manka pembe ile, naye akazungushia pembe yake kwenye kiwiko kwa kuwa vidole havishiki.

Miguu ya kwanza ilikuwa ya Mama Elieshi, peku. Tukamdaka. Akaketi akitazama maua, na alikuwa na umri wake mwenyewe, na ulimpendeza. Wakaja wengine, wakipiga kelele njiani na kunyamaza walipotokea, kisha kupiga kelele upya. Wakaja mpaka mikono ikatuuma. Aikande alikuwa anawapa vikapu.

Halafu pakawa kimya kitambo, tukadhani wamekwisha.

Ikatokea miguu yenye viatu. Vyeusi, vimepigwa rangi vizuri. Ilikuwa inaning'inia ukingoni mwa tundu, inasita, na juu yake tulisikia mtu mzima akipumua kwa hofu.

Wanawake wote wakamtazama Manka. Hakuna aliyesema, lakini wote tulijua zamu ni ya nani. Manka alitazama vile viatu. Alivitazama muda mrefu, na mimi sikumwombea kwa sauti wala sikumsemea, nilishika pembe yangu tu.

"Mlokole," akasema.

"Naam."

"Shika vizuri. Huyu mzito."